Vigelegele Chini ya Njia Nyekundu

Harufu ya soksi za sufu zilizolowa, zikikauka juu ya radieta ya kupasha nyumba joto, hunirudisha mlimani kila mara. Juzi binti yangu alianika zake hapa kwetu Woolwich, London, na kabla maji ya chai hayajachemka mimi nilishafika Ufaransa, nina miaka kumi na moja, pua inachuruzika, na dada yangu Rukia ananiambia niache kumshika kama sahani ya udongo.

Rukia alinizidi miaka mitatu. Tangu kuzaliwa aliona mwanga na vivuli tu, basi. Mama, aliyekuja London kutoka Unguja akiwa msichana na kusomea uuguzi, alimlea kwa hofu ya magari. Hata barabara ya sokoni hakumwachia aivuke bila mkono wa mtu. Lakini Rukia alisikia shuleni kwamba kuna shirika la hisani linalofundisha watoto wasioona kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu zinazofungwa viatuni, na Rukia akitaka jambo, nyumba nzima hailali. Mama alichoka, akakubali. Kila Jumamosi tukawa tunapanda basi, sote watatu, mpaka kwenye jengo moja kubwa lenye kilima cha theluji ya kutengeneza, baridi yake kama ya friji. Mimi nilifundishwa pia, kwa kuwa nilikuwepo. Msimu uliofuata shirika likatupeleka kwenye milima yenyewe.

Asubuhi moja huko tulianza na njia ya kijani, iliyo rahisi kuliko zote. Ilikuwa pana, na theluji yake laini kama unga uliotoka kuchungwa. Mwalimu wetu, Bernadette, mama mmoja mrefu aliyepaka midomo mafuta meupe, alitangulia huku akimwelekeza Rukia kwa sauti, kwa Kiingereza: kushoto, kulia, kushoto. Tatizo ni kwamba mlima mzima ulikuwa ukipiga kelele hizohizo. Ulijaa watalii Waingereza, na kila baba mwenye mtoto alikuwa akiamrisha kushoto na kulia, na maskini Rukia akawa anapinda kwa amri za watu asiowajua. Alipoingia kwenye wavu wa pembeni kwa mara ya pili, alikaa chini, akapangusa miwani isiyomsaidia kitu, akasema, "Naima, nielekeze wewe. Kwa Kiswahili. Hapa hakuna mwingine wa kunichanganya."

Nilicheka. Nyumbani Mama alikuwa akituuliza kwa Kiswahili, nasi tukimjibu kwa Kiingereza. Kwangu ilikuwa lugha ya kuitwa mezani na kuambiwa tuzime taa. Hata kulia na kushoto nilizitofautisha kwa kuwaza kwanza mkono ninaolia wali. Bernadette hakuwa na neno. Alisema tujaribu, mimi nitangulie, yeye afuate nyuma ya Rukia.

"Kulia! Kulia tena! Nyooka. Taratibu. Kulia!"

"Ukizidi kusema kulia kwa sauti hiyo, nitalia kweli," Rukia alinijibu. Lakini alikuwa akipinda palepale nilipotaka.

Njia ya buluu, ngumu kidogo kuliko ya kijani, ilipita katikati ya misonobari, na jua halikuwa limeifikia. Huko theluji ilikuwa imeganda, inakwaruza chini ya skii. Sikujua neno lake, nikapiga kelele, "Ukoko!" Rukia akaelewa mara moja, maana nani asiyejua ukoko wa wali? Akakunja magoti na kukaza miguu. Tuliporudi penye theluji laini nikamwita, "Unga!" naye akajiachia, koti linapepea, anacheka peke yake.

Mama alikuwa akitusubiri kwenye mkahawa chini ya mlima, amevaa koti juu ya koti, na chupa ya chai ya tangawizi mapajani.

"Mama, nataka njia nyekundu," Rukia alisema kabla hajakaa.

Nyekundu ilikuwa ngumu kuliko ya buluu, lakini Bernadette akamhakikishia Mama kwamba Rukia anaiweza. Mama alikaza kifuniko cha chupa ya chai. Kisha akanigeukia mimi.

"Utamwambia kila kitu? Hata kibaya?"

"Ndiyo, Mama."

"Usimfiche, mwanangu. Haya. Bismillahi."

Tulipanda na Bernadette kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, mpaka juu kabisa. Nilipotazama chini, mkahawa ulikuwa mdogo kama kiberiti. Mahali pa kwanza penye mwinamo mkali nilisimama, na sauti haikutoka.

"Mbona kimya?" Rukia aliuliza. "Unaona nini?"

"Ni ... ni kama ukuta, dada. Naogopa."

"Mimi siuoni huo ukuta. Niambie pa kupindia tu."

Basi nikamwambia. Nilimwambia ukoko, unga, shimo, mtu mbele, pumzika. Alianguka mara moja, vibaya, skii moja ikachomoka. Aliipapasa, akaivaa mwenyewe, akatema theluji na kusema, "Endelea." Kadiri nilivyoita ndivyo hofu ilivyonitoka, na mahali fulani katikati ya mteremko nilitambua kwamba tunakwenda kasi kuliko siku yoyote.

Sehemu ya mwisho ilikuwa tambarare. Hapo ndipo tuliposikia vigelegele. Mama alikuwa ametoka nje, viatu vya kawaida vimezama kwenye theluji, anapiga vigelegele kama yuko harusini. Watu wakaacha vikombe vyao, wakageuka kutazama.

"Sasa nyamaza, Naima," Rukia akasema. "Naenda mwenyewe."

Akanipita. Alinyooka moja kwa moja hadi kwa Mama, wakaangukiana, wakaenda chini wote wawili. Mkahawa mzima ukapiga makofi. Mimi nilisimama nyuma yao, nimekaukwa na sauti, nikiwaambia wageni wote waliokuwa karibu, "Yule dada yangu! Yule ni dada yangu!"

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hiyo kama habari ya furaha ya Mama. Mpaka siku moja, nikiwa mtu mzima, tunakunja nguo pamoja, nikamtania, "Mama, siku ile ulifurahi mpaka ukakosa pumzi. Ulipiga vigelegele bila kupumzika!"

Mama hakuinua macho kwenye shuka.

"Furaha ilikuja baadaye," alisema. "Pale nilikuwa namwonyesha dada yako njia."