Nywele za Binti Yangu Siku ya Inspecteur

Mimi nilianza kwa kubeba magunia ya simenti. Leo ninauza mabati, na nyumba yangu ya ghorofa, etaji tunavyoita, huku mtaani Kasha unaiona kutoka mbali. Shuleni sikukaa. Zamani walitupima kwa mkono: unaupitisha juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili, unaingia. Mkono wangu ulichelewa kufika, na ulipofika, baba alikuwa amekwisha kunizoesha jembe.

Kwa hiyo niliposikia inspecteur, mkaguzi wa shule, anakuja kupima mikono kwenye maternelle ya serikali, shule ya watoto wadogo anakosoma binti yangu, niliukumbuka mkono wangu. Watoto wengi pale hawana cheti cha kuzaliwa, na chake binti yangu pia hatukuwahi kukitafuta. Mkono ukifika, mtoto ni mkubwa, anapelekwa primaire, shule ya msingi. Na darasa lina idadi ile ile inayotakiwa; likipungukiwa mtoto mmoja tu, linafungwa.

Darasa hilo nililijaza mimi. Nilileta watoto wa walimaji wa Nyantende, wale waliokimbia vita kutoka Sange, hata mapacha wa jirani yangu Mwislamu anayeuza vitambaa. Lori ninalijaza, nishindwe na benchi?

Shida ilikuwa binti yangu. Amefanana nami, mrefu kupita wenzake, lakini ana miaka minne na alikuwa hasemi. Ni katika darasa hilo alipoanza kusema, neno moja moja, na mwalimu wake tu. Primaire wamejaa mpaka dirishani, angenyamaza tena.

Asubuhi hiyo nilimwambia mke wangu amsuke nywele zote juu, zisimame kama mnara.

Inspecteur akapima, sisi wazazi tukitazama. Watoto wa Sange, sawa. Mapacha, sawa. Akafika kwa binti yangu. Mkono ukapanda, ukakwama kwenye nywele. Inspecteur akanigeukia.

"Papa, huyu ulimujengea etaji ku kichwa?"

"Kwangu kila kitu iko na etaji, chef."

Wamama wakacheka. Inspecteur hakucheka. Akaweka kiganja juu ya nywele, akakandamiza. Vidole vya mtoto vikateremka karibu na sikio. Mwalimu akaangalia chini.

"Unaniumiza," binti yangu akasema.

Mwalimu akainua kichwa. "Chef, huyu hajaongeaka na mugeni hata siku moja."

Inspecteur akamtazama mtoto. Kisha akaondoa kiganja. Nywele zikasimama tena, mkono ukateleza nyuma, mbali na sikio.

"Mkono haikufika," akasema, akaenda kwa mtoto wa Nyantende.