Mikebe Chini ya Kamyoneti

Siku yangu ya kwanza garaji sikupewa spana. Shefu, mkuu wa garaji, alinipa kijiti kikavu cha mti wa kahawa, akaniambia niweke ncha moja kwenye moteri, injini ya lori, na nyingine sikioni, kisha nimweleze ninachosikia. Nikasema nasikia kelele. Akacheka, akaniacha hapo mpaka saa sita mchana. Ndivyo sisi watu wa mazutu, yaani dizeli, tulivyofundishwa: valvu iliyolegea hugonga kavu, na hewa ikiingia kwenye bomba la mafuta hupiga mluzi mwembamba. Baada ya miaka michache nilikuwa nakutajia ugonjwa wa gari kabla halijaingia getini, na nilijivuna sana, sikatai.

Kisha vita ikatufikia Bujumbura, na nchi jirani zikafunga mipaka. Mazutu ikaadimika, esansi ya magari ya petroli ikauzwa kwa chupa. Malori yetu yakalala uani hadi majani yakaota katikati ya magurudumu. Kila asubuhi nilipita kuyaangalia kama mtu anayezuru ndugu hospitalini.

Shefu hakukata tamaa. Bohari yetu ilikuwa na mashine ya betri ya kuinulia mizigo, na mizigo yenyewe haikuja tena. Akaing'oa moteri yake, akaifunga kwenye kamyoneti, pikapu moja kuukuu, mahali pa ile ya esansi, akapanga betri zake nzito nyuma ya kiti. Kuitunza nikapewa mimi: kuongeza maji ya betri, kusugua ukungu mweupe kwenye vichwa vyake, kuvizia saa za umeme ili niichaji. Niliona nimeshushwa cheo. Gari lisilo na sauti, fundi atasikiliza nini?

Siku ya majaribio nusura tufe. Kwenye bariyeri, vizuizi vya wanajeshi barabarani, desturi ilikuwa moja: unafika polepole, unazima moteri, askari anasikia imezima, ndipo anakusogelea. Mimi na Shefu tukatokea kimya kabisa. Askari aligeuka akatukuta mbele yake, akaninyooshea bunduki.

"We, zima moteri."

"Imezima, shefu," nikamwambia askari.

"Apana. Sijasikia ikizima."

Tulikaa mikono juu mpaka jua likatuchoma. Kuanzia hapo Shefu akaning'iniza mikebe ya maziwa chini ya gari kwa waya, ikawa inagongana njia nzima, na bariyeri zote zikatuzoea.

Mke wangu Jeanine alipokaribia kujifungua, Shefu aliniruhusu nilale na kamyoneti nyumbani Musaga. Alinipa sharti moja tu, kwamba ile mikebe nisiiondoe.

Uchungu ulianza alfajiri. Tulisubiri amri ya kutotembea usiku iishe, nikamlaza Jeanine kwenye godoro nyuma, chini ya turubai, tumwahishe hospitali, jirani yetu Mama Agripine, muuguzi, akakaa naye. Tukapita bariyeri ya kwanza salama. Baada ya hapo Jeanine akaanza kulia kwamba mikebe inampasua kichwa. Nikasimama, nikakata waya.

"Na bariyeri ya chini, baba?" Mama Agripine akauliza. Niliogopa sana, lakini kilio cha mke wangu kilinishinda.

Tukateremka. Ukungu ulikuwa juu ya ziwa, barabara tupu, na gari likaenda kama linaota. Sijawahi kuendesha hivyo tena. Niliusikia upepo kwenye turubai, ndege, na Jeanine akivuta pumzi. Kisha akapiga yowe moja, mtoto akatoka. Mama Agripine akampokea, lakini mtoto hakulia.

"Pole, baba," akasema mwishowe. "Mutoto apumui."

Nilisikia kitenge kikikunjwa juu ya mtoto. Na chini ya kitenge nikasikia kitu kingine, kupitia dirisha la nyuma lisilo na kioo: mluzi mwembamba, hewa inayotafuta njia. Nilikuwa nimeusikia kwenye mabomba maisha yangu yote.

"Fungua tena," nikasema. "Anapumua. Kuna kitu kinaziba."

Akamfunua, akamnyonya pua na mdomo, akatema, akarudia. Ndipo binti yangu Aline akalia, na mimi nikalia naye.

Bariyeri ya chini ilitusikia kutoka mbali. Aline alikuwa akipiga kelele kuliko mikebe yote. Askari akanyanyua mti wa bariyeri kabla hatujasimama, na hakuniambia nizime moteri.

Nimestaafu sasa. Vijana mnaniuliza kama magari ya betri yatatufaa, na kama sitaukumbuka mngurumo wa mazutu. Nautamani bado, siwadanganyi. Kijiti changu cha mti wa kahawa ninacho mpaka leo. Ila asubuhi ile ningekuwa kwenye lori langu la mazutu, nisingesikia kitu.

Aline akija kutusalimia huanza kuongea tangu barabarani, na anaongea mpaka anaondoka. Mama yake humwomba apunguze sauti. Mimi sijawahi kumwomba.