Mgongo Wangu Umekuwa Tangazo la Wifi

Admin, jina langu lifiche na mtaa pia, maana Dodoma imekuwa kubwa lakini watu wa maofisini bado tunajuana. Nina miaka arobaini na mbili, nimeolewa, nina watoto wawili, ni mtumishi wa serikali kitengo cha masjala.

Miaka kumi na moja nimeishi na soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi unaotoa mabaka mekundu yenye magamba meupe. Hauambukizi, lakini nenda kawaambie watu. Msibani wenzangu wakichambua mchele, mimi natumwa kuni. Mume wangu alihamia chumba cha watoto, akasema joto limezidi.

Mtu mmoja tu hakunionea kinyaa, wifi yangu, dada wa mume. Kila Jumapili tukitoka kanisani alinipaka dawa mgongoni pale mkono wangu usipofika, akinitania kwamba mgongo huo ni shamba la heka mbili. Nilikuwa mnene kweli, wala sikukasirika. Wakati mwingine aliupiga picha, eti nikamwonyeshe daktari.

Mwaka juzi daktari alinishauri upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, kwa ajili ya uzito na sukari. Akasema kwa baadhi ya watu ngozi nayo hutulia uzito ukishuka, ila nisiichukulie kama ahadi. Niliogopa maneno ya watu, kwamba nimekatwa tumbo kwa sababu siwezi kujizuia kula. Nikaomba likizo, nikasema nakwenda kumuuguza mama. Mama ni mzima kuliko mimi. Waliojua ni mume na wifi, aliyekuja kuniuguza.

Uzito ukashuka, na baada ya miezi minane mgongo ukatakata. Nililia mbele ya kioo, wifi akaupiga picha nyingine. Nilipovaa blauzi ya mikono mifupi kwa mara ya kwanza, majirani wakaniuliza nimetumia nini. Kabla sijajibu wifi akasema, "Mafuta ya ubuyu, nachanganya mwenyewe." Nikacheka, nikaitikia. Nilidhani ananisitiri.

Kumbe mwenzangu anafungua biashara. Baada ya wiki mbili nikauona mgongo wangu kwenye simu za watu, wa zamani na wa sasa, na chupa ya mafuta katikati. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kinanipaka dawa.

Mfanyakazi mwenzangu ana binti wa kidato cha pili mwenye ugonjwa kama wangu. Alinunua mafuta yale, akaniuliza, "Dada, ni kweli yalikuponya?" Nikasema ndiyo. Niliona aibu kusema ni kisu cha daktari. Akamwachisha binti dawa za hospitali. Sasa ngozi ya mtoto imewaka mwili mzima, hata sare ya shule haivumilii, na mama yake anaamini mafuta yatafanya kazi tu, kwa kuwa mimi nilipona.

Nilimfuata wifi nyumbani kwake Zuzu, nikamwomba afute picha na twende wote kwa mama yule tukaseme ukweli. Aliendelea kujaza chupa zake. Akaniambia, "Sema. Ila uanze na ulivyokatwa tumbo. Halafu uwaambie nani alikuwa anakupaka wakati mumeo amekukimbia."

Niliporudi nikamweleza mume, akasema hayo ni ya wanawake, tuyamalize wenyewe. Nimesalitiwa, na ninayemchukia ndiye anayenidai shukrani kuliko mtu mwingine yeyote.

Jana mama wa yule binti kanipigia. Jumamosi anamleta kwangu nimwonyeshe mgongo, mtoto apate moyo wa kuendelea kupaka.

Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Jumamosi. Nikisema, nampoteza mtu pekee aliyewahi kuushika mgongo wangu, na siri yangu inazagaa ofisi nzima. Nikinyamaza, nitamfunulia vipi mtoto wa mwenzangu mgongo huu, aniulize nilipaka mara ngapi kwa siku?