Mkaguzi wa Mafunzo Wodini

Mkaguzi aliyekuja kupima jinsi madaktari bingwa wanavyotufundisha sisi madaktari wanafunzi alizungumza kwa sauti ya chini, na kila mara alifikicha viganja vipate joto kabla ya kumgusa mgonjwa. Hatukumwamini. Alicheka mno na bosi wetu, daktari bingwa aliyetufundisha wodini, nasi tukaonyana kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Asubuhi moja bosi alipoitwa nje, mkaguzi alinisogeza kwenye kitanda cha mgonjwa mmoja.

“Mama, turuhusu kidogo,” alimwambia mgonjwa. “Daktari, nionyeshe ini lake limeishia wapi.”

Vidole vyangu vikatangatanga tumboni. Akaushika mkono wangu taratibu, akauweka mahali pake.

“Hujawahi kuonyeshwa?”

Nilitazama kwanza mlango aliopitia bosi, nisije nikasikika. Naye akautazama, wala hakuniuliza tena.