Nilivyoitumikia Nyonga ya Bibi

Siku yangu ya kwanza kazini nililibeba jiwe nisilopaswa kuligusa. Bibi alikuwa ameteleza uani kwetu Kamembe, akavunjika shingo ya mfupa wa paja, pale nyongani. Hospitalini wakamfunga mguu kwa kamba, na mwishoni mwa kamba likaning'inia jiwe la kuuvuta mguu unyooke akingoja upasuaji. Mimi nilikuwa gadimaladi, mlinda mgonjwa, cheo anachopewa mtoto yeyote aliye likizo.

"Hii jiwe inanichosha," Bibi alilalamika.

Nikalilaza kitandani, nikalifunika na blanketi. Mguu ukajikunja, Bibi akapiga yowe.

"Nani amegusa jiwe?" akafoka Mkuu wa Wodi, bosi wangu wa kwanza.

"Lilikuwa limechoka, Sista."

"Basi utaning'inia weye!"

Bosi wa pili, Dokta wa Mifupa, alituita mimi na Maman, mama yangu, kando ya kitanda. "Njia ni mbili. Tukifunga na skrubu, anabaki na mfupa wake, na upasuaji ni mdogo. Lakini kichwa cha mfupa kimehama. Kinaweza kukosa damu, kife, tumupasue tena. Ama tunakitoa, tunaweka cha chuma. Kazi ni kubwa zaidi, lakini atasimama mapema."

Mzee wa kitanda cha pili alikuwa amewekewa msumari mrefu ndani ya mfupa wa paja. Nikauliza kwa nini Bibi asipate msumari.

"Yule alivunjika chini ya shingo," Dokta akajibu. "Kila muvunjiko na dawa yake."

Maman aliogopa kwamba mama yake hatatembea tena. Bibi ndiye aliyeamua: "Dokta, mimi niko muzee, sina siku za kungojea mufupa. Weka ya kusimama nayo."

Kesho yake baada ya upasuaji alisimama. Hatua saba! Nikakabidhiwa mto wa kukaa kati ya mapaja yake akilala, kichwa kipya kisichomoke. Sikuupoteza hata mara moja.

Nyumbani, kwa sababu hiyohiyo, alikatazwa viti vya chini, naye akadai kigoda chake cha kupikia. Nikakitupa juu ya bati.

"Mwizi weye!"

"Ndiyo, Bibi. Kaa kwenye kiti kirefu unitukane vizuri."

Nilistaafu siku alipofika mwenyewe mlangoni kwa jirani. Nawausia mtakaorithi kazi hii: jiwe liacheni, kigoda kificheni.

Maman alimtazama Bibi akirudi, akapangusa macho, akanigeukia: "Mungu apishe mbali, lakini mama yangu akianguka tena, ni weye nitatuma kwanza. Sasa wende uoge, unanuka hopitali."