Kura Moja ya Arvid Tweten

Kaka yangu Arvid Tweten alikuwa seneta katika bunge la jimbo letu la North Dakota kwa miaka kumi na sita, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akimwambia mtu amchague. Msimu wa kampeni alikwenda kusimama kwenye ghala la nafaka, mikono mfukoni, akazungumza na wakulima habari za mvua na ugonjwa wa kutu ya ngano. Mtu akimkumbusha kwamba uchaguzi umekaribia, alijibu, "Ndiyo, nasikia hivyo." Kisha aliingia kwenye pikapu akaenda kusimama kwenye ghala la mji mwingine.

Mimi ni Ardis, dada yake mkubwa, na ulimi wangu haufanani na wake hata kidogo. Mabango niliyasimamisha mimi, barua nilizipiga taipu mimi. Hata katika kuanza kwake siasa nilikuwa na mkono, au niseme mguu. Mwaka 1980 seneta wetu alifariki, wazee wa chama wakaja jikoni kwa Arvid kumwomba agombee. Alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, kama adabu yetu sisi wa asili ya Norwe inavyotaka. Mara ya tatu wale wazee walianza kuvaa kofia zao, nami nikamkanyaga chini ya meza. "Labda kama hamna mwingine," akasema. Akashinda uchaguzi huo na chaguzi tatu zilizofuata.

Bunge letu hukaa siku themanini tu kila baada ya miaka miwili, kuanzia Januari, kwa hiyo alikuwa Bismarck wakati wa theluji na nyumbani wakati wa kupanda. Hotuba zake zote zingetosha kwenye ukurasa mmoja. Lakini alikuwa kwenye kamati iliyoamua ni nyumba zipi za wazee ziendelee kupata fungu la fedha za jimbo, na kila kikao walitokea watu wenye tai nzuri wakitaka kufunga zile ndogo na kuwahamishia wazee mjini Minot. Ya kwetu hapa Nordfoss ilikuwa na vitanda thelathini. Mama yetu, Gunda, alilala katika kimojawapo, kando ya dirisha. Arvid alisubiri wote wamalize kusema, akasoma karatasi yake kwa sauti ileile ya kusomea matangazo kanisani, na nyumba yetu ikabaki. Alifanya hivyo kikao baada ya kikao. Sisi tulidhani nyumba inabaki kwa sababu ipo.

Mwaka 1996 akapata mpinzani wa kweli, Duane Scherbenske, muuza matrekta wa kaunti ya jirani. Duane hakuwa na haya. Alipita mlango kwa mlango, na hata wangu aliugonga.

"Bibi Ardis, mimi ni Duane. Naomba kura yako."

"Unajua mimi ni dada wa nani?"

"Najua vizuri. Ndiyo maana nimeanza na wewe. Nikishatoka hapa salama, wengine watakuwa rahisi."

Nilicheka, nikampa kahawa na biskuti. Alipoondoka niliwapigia simu wanawake watatu tumcheke pamoja. Mtu mzima anapita mtaani kuomba kama mtoto anayetaka peremende! Ndivyo tulivyosema, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa zaidi.

Jumapili kabla ya uchaguzi kanisa letu la Kilutheri lilikuwa na karamu yake ya kila mwaka, ile ya samaki waliolowekwa kwenye magadi na chapati za viazi, vyakula vya wazee wetu. Baada ya karamu, wanawake sita tulikuwa jikoni tunaosha vyombo, na Arvid amevaa aproni anafuta sahani. Alifuta sahani moja muda mrefu sana.

"Dada," akasema, "hivi mtu akiingia kwenye kile kibanda cha kura, na jina lake ndilo hilo liko mbele yake, unaona ni sawa kujipigia mwenyewe?"

Hapa lazima niseme habari za baba. Baba alikuwa kwenye baraza la kata maisha yake yote, na kila uchaguzi kura yake alimpa mpinzani wake, kisha alitueleza mezani kwa nini. Mtu hajichagui. Tulikua hivyo, katika nyumba ambayo kipande cha mwisho cha keki kilikauka kwenye sahani kwa sababu hakuna aliyethubutu kukichukua. Mimi nilijua hayo yote. Nilijua pia kwamba Arvid si mtu wa kuuliza swali bila sababu. Lakini wanawake walikuwa wamegeuka kutusikiliza, na mimi nikiona watu wananisikiliza siwezi kunyamaza.

"Jamani njooni msikie," nikasema. "Seneta wetu anataka kujipakulia wa kwanza, wageni bado wamesimama."

Jikoni kote wakacheka. Bi Solveig alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Arvid naye alicheka, masikio mekundu.

"Nilikuwa nauliza tu," akasema, akachukua sahani nyingine.

Jumatano asubuhi redio ya mgahawani ilitangaza kwamba Duane Scherbenske ameshinda kwa kura moja. Watu waliokuwa wakinywa kahawa walitazamana, kila mmoja akijaribu kukumbuka nani wa kwao hakwenda kupiga kura. Wiki ya pili kura zikahesabiwa upya kwa mkono mahakamani, siku nzima, karatasi moja baada ya nyingine. Ikawa ileile: Arvid 2,611, Duane 2,612. Duane alikuja kutushika mikono kwa heshima. Mwandishi wa gazeti la kaunti akamuuliza kwa utani kama alijipigia kura.

"Sasa ningempa nani?" Duane akasema. "Nimegonga milango elfu mbili, halafu nisijigongee na wa kwangu?"

Watu walicheka. Arvid alinishika kiwiko, akanipeleka kwenye korido.

"Mimi nilimpa yeye," akasema.

"Ulimpa nani nini?"

"Duane. Kura yangu."

Sikuhitaji karatasi kupiga hesabu. Angejipigia, zile namba mbili zingebadilishana. Nilitaka kumpiga kwa mkoba wangu. Nikamwambia yeye ni mjinga, tena mjinga wa ukoo, na kwamba baba aligombea baraza la kusimamia makalavati, hakushika vitanda vya wazee. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema neno juu ya karamu wala juu yangu, na mimi, Mungu anisamehe, sikusema pia.

Duane si mtu mbaya. Bungeni walimweka kwenye kamati ya barabara, na kwenye ile ya wazee hapakuwa tena na mtu wa kusoma karatasi ya Nordfoss. Kufika kiangazi nyumba yetu ilikuwa imefungwa. Mama akahamishiwa Minot, maili themanini, akiwa na miaka tisini na tatu.

Wakati huo Kiingereza kilikuwa kimemtoka. Alikuwa amebaki na Kinorwe tu, kile cha utotoni. Nordfoss nusu ya wahudumu walikuwa wanakielewa, na mpishi alikuwa anamjibu kwa kukiimba. Januari iliyofuata ilikuja dhoruba ya theluji, barabara zikafungwa siku mbili, na siku ya pili mama akafariki. Nesi alinipigia simu, binti mpole, anasikika kama aliyekuwa analia.

"Tangu asubuhi alikuwa anaomba kitu," akaniambia. "Alikuwa anarudia neno lilelile. Tulimletea maji, tukamletea blanketi. Hatukuelewa."

Nikamwomba alitamke hilo neno. Alijaribu, maskini, lakini alikuwa ameshalisahau.

Nilibeba jambo hilo hadi majira ya kupanda. Siku moja nikamfuata Arvid bandani, alikokuwa amelala chini ya mashine ya kupandia ngano, miguu tu ndiyo inaonekana. Ilikuwa rahisi kusema na miguu.

"Ni mimi, Arvid. Ile siku jikoni. Ningekujibu kama mtu mzima, mama angefia hapa."

"Kura ilikuwa yangu," akasema kutoka chini.

"Lakini uliniuliza mimi."

Nikasikia akiweka spana sakafuni. Akajivuta nje, akakaa kwenye sakafu, akafuta grisi kidole kimoja kimoja.

"Nilikuwa najua jibu la baba," akasema. "Jibu la mchungaji nilikuwa nalijua, na la kila mtu Nordfoss. Nilikuuliza wewe kwa sababu wewe peke yako ndiye ungeweza kuniambia nijipigie."

Akarudi chini ya mashine. Nilisimama pale na koti langu la kanisani mpaka aliposema nimpe taa.