Doto wa Bwawani

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu karibu na Igalula, watu waliamini kwamba nina ndugu ndani ya bwawa. Mimi ni Kulwa. Pacha wangu, Doto, alikufa kabla hatujaanza kutambaa, akazikwa kando ya bwawa hilo. Wazazi walipokwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga, nilibaki na bibi tu.

Bwawa hilo lilichimbwa na serikali ya Mwingereza, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Mwishoni mwa kiangazi kimoja maji yalipungua, upepo ukatulia, kukatanda utando wa kijani, mzito kama rangi ya mlango, hasa upande walikonywea ng'ombe. Bibi alionya kwamba maji yale yasinywewe, hata yakichemshwa. Jirani alipuuza, ndama wake akanywa, akafa. Wanawake wakasema Doto anaoga humo, ndiyo maana maji yamechafuka.

"Wewe Kulwa," mmoja aliniita, ndoo tupu kichwani, "mwambie mwenzio atoke! Au anataka tumletee na sabuni?"

Walicheka, lakini watoto wao walikatazwa kucheza nami. Nasita kuliandika hili, ila ndivyo ilivyokuwa: nilifurahi. Nilikuwa na mtu wangu. Kila jioni nilikaa juu ya tuta la bwawa nikimsimulia mambo ya siku nzima.

Kisha bibi, ambaye Jumapili aliimba kwaya kanisani kwa Wamoraviani, alinishika mkono, akanipeleka hadi ukingoni, akanipaka unga kwenye paji la uso, kama wafanyiwavyo mapacha kwetu.

"Mwambie aende."

"Bibi, akienda nitabaki na nani?"

"Watu wana kiu, mjukuu wangu."

Nikasema, "Doto, nenda." Sauti haikutoka vizuri, ikabidi nirudie.

Upepo ulianza kuvuma, mvua ikafuata, maji yakarudi kuwa ya udongo. Wanawake waliniita nichote nao, wakinisifu. Nililia, wakadhani ni furaha.

Miaka mingi baadaye, chuoni, niliangalia tone la maji ya bwawa jingine kwenye hadubini. Vijimea vya kijani vilikuwa vimeshikana kama shanga. Mwalimu alieleza kwamba maji yakitulia, yakapata joto na samadi, vijimea hivyo huzaliana upesi, na vingine vina sumu. Upepo na maji mapya huvitawanya. Wenzangu waliandika. Mimi niliendelea kuangalia. Kumbe sikuwahi kumfukuza mtu. Lakini pia jioni zile zote, juu ya tuta, nilikuwa nikiongea peke yangu.